Puli Ndogo ya Injini na Mshahara wa Dereva

Maneno yaliyosemwa mkutanoni mbele ya madereva, mataniboi na mafundi wa Malaba na Busia



Wanachama wengi, wa hapa Malaba na wa kule Busia, wametuuliza juu ya puli ndogo ya injini. Wameambiwa kwamba wakiitoa puli iliyotoka kiwandani na kufunga nyepesi ya aluminiamu, gari litaitikia mguu upesi na kuwapita wenzake. Kwa dereva anayekimbilia hesabu ya jioni, maneno haya ni matamu. Basi yafaa tuyapime pamoja, maana injini ikiharibika hasara haimfuati muuzaji. Yaufuata mshahara wa dereva.

Kwanza tujue puli ni kitu gani. Mbele ya injini, kwenye ncha ya krenki, pana gurudumu linalovuta mkanda. Mkanda huo huzungusha altaneta inayotia betri moto, na katika magari mengi huzungusha pia pampu ya maji na mashine ya ubaridi. Vyote hivi hula nguvu ya injini. Puli ikiwa nyepesi, injini haina kazi kubwa ya kuianzisha. Ikiwa ndogo, vyombo vile huzunguka polepole na kula nguvu kidogo. Hapo muuzaji hakusema uongo, nasi twakubali.

Lakini faida ni kiasi gani? Tufanye hesabu. Toa puli ya kilo 2 yenye upana wa sentimita 15, ufunge ya nusu kilo. Katika gari dogo, gea ya kwanza, injini hufanya mizunguko kama 14 tairi likizunguka mara moja. Hapo wepesi utakaoupata ni sawa na kushusha mzigo wa kilo 9 hivi. Katika gea ya mwisho haufiki hata kilo moja. Tuseme hesabu yetu ina kasoro, tuizidishe mara mbili: bado haufiki dumu la maji la lita 20. Ndugu, gunia la mahindi ni kilo 90. Abiria wa ziada aliyebanwa mlangoni ana kilo ngapi? Mwenye kutaka gari jepesi aanze hapo.

Sasa tutazame hasara. Injini ikiwaka gari limesimama, huzunguka kama mara 750 kwa dakika. Puli ya sentimita 15 ikivuta altaneta yenye puli ya sentimita 6, altaneta huzunguka mara 1,875. Funga ya sentimita 12, itazunguka mara 1,500. Moja ya tano imekwenda. Ukiwa mbioni kutoka Bungoma hutaisikia. Lakini nani kati yetu aijuaye Malaba asiyejua kusimama? Mwezi wa Mei 2020, madereva walipokuwa wakipimwa Korona, na tena Januari 2022, mlolongo wa malori ulirefuka kilomita nyingi. Busia ilifunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2018, na kazi ikawa nyepesi. Hata hivyo siku za msongamano hazijakwisha. Katika mlolongo wa usiku taa zawaka, feni yazunguka, simu inakula chaji. Altaneta iliyopunguzwa mwendo haitoshelezi, na deni hulipwa na betri. Mchana, jua likiwa kali, pampu ya maji nayo yazunguka polepole wakati injini inapohitaji kupozwa.

Mmoja wetu alifunga puli hiyo kwa fedha zake, bila kumwambia mwenye gari. Juma la kwanza alifurahi sana. Kisha usiku mmoja alikesha mlolongoni, akisogea hatua kwa hatua, na alfajiri gari likakataa kuwaka. Abiria wake wakahamia gari jingine. Tajiri akamkata mshahara wa siku tatu pamoja na bei ya betri mpya. Tulipokwenda kumtetea tuliulizwa swali moja tu: "Nani alimruhusu?" Hatukuwa na jibu.

Na jibu hilo lina maana katika sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Pia yasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria hii ni ngao yetu. Puli iliyofungwa kwa siri yatoboa ngao hiyo, kwa kuwa yampa tajiri nafasi ya kusema, "Alikusudia."

Kwenu mafundi tuna neno. Puli nyingine zina mpira kati ya kitovu na ukingo. Mpira huo si pambo. Kila moto unapolipuka juu ya pistoni, krenki hujipinda kidogo na kurudi, na mpira humeza mtetemo ule. Ukiweka kipande kitupu cha aluminiamu, mtetemo hubaki ndani ya krenki, na siku zikipita huweza kuipasua. Hapo hatusemi tena habari ya betri. Twasema habari ya injini nzima.

Kwa hiyo twashauri hivi:

1. Tazama mkanda kila juma. Ukiwa na nyufa, umelowa mafuta au unapiga kelele, ubadilishwe.

2. Safisha chujio la hewa, pima upepo wa tairi, usizidishe mzigo. Haya hulifanya gari liitikie mguu, na gharama yake ni ndogo.

3. Puli ikiyumba au mpira wake ukipasuka, ifungwe ya namna ile ile, na mwenye gari alipe.

4. Taa ya betri na joto la injini vikipanda pamoja, huenda mkanda umekatika. Simama, zima injini. Usiseme, "Nifike tu Adungosi."

5. Usibadilishe kitu chochote cha injini bila ruhusa ya mwenye gari iliyoandikwa. Fundi naye aandike kazi aliyoifanya, na puli ya zamani irudishwe kwa mwenyewe.

Hatusemi puli ndogo haina mahali pake. Mtu mwenye gari lake la mashindano, lisilokesha mlolongoni, na aifunge akipenda. Hasara ni yake. Sisi twaendesha mali ya watu. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ajaye kwako na puli mkononi, mwambie aende kwanza kwa tajiri, arudi na karatasi yenye sahihi.

Umoja ni nguvu.