Haramu Haina Umri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu.

Mwezi wa Julai 2025 serikali ya Kenya ilitangaza sera iliyopendekeza kwamba umri wa kuuziwa pombe, uliowekwa na sheria ya mwaka 2010 kuwa miaka 18, upandishwe hadi 21. Baadhi ya vijana wetu huuliza: Muislamu akiunga mkono jambo hili, je, hajaihalalisha pombe kwa mwenye miaka 21?

Kwetu sisi hukumu imekwisha katwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, wala haikutaja umri. Kijana akishabaleghe kalamu humwandikia, hata kama serikali bado yamwita mtoto. Kabla ya hapo, dhamana ni ya mzazi wake.

Lakini tunaishi na majirani, na watoto wao ni amana pia. Wanavyuoni wametufunza kuwa jambo lisilopatikana lote haliachwi lote. Qurani nayo ilikwenda kwa daraja: Suratul Baqara ilionya, Suratun Nisaa ikazuia kuiendea Sala katika ulevi, ndipo Maida ikakata. Basi anayeziba nusu ya mlango wa shari hakuihalalisha nusu iliyobaki.

Tutazame waliotangulia kujaribu. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, majimbo mengi yaliushusha umri huo, na ajali za vijana barabarani zikaongezeka. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kulipunguzia fedha za barabara kila jimbo lisiloweka miaka 21, na kufikia mwaka 1988 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Watafiti wao wameona kuwa hatua hiyo iliokoa roho za vijana wengi. Hawa si watu wa dini yetu, lakini madhara waliyaona kwa macho yao.

Wapo wasemao: mwenye miaka 18 hupiga kura, mbona anyimwe bilauri? Jawabu ni kwamba kura alipewa kwa sababu ya akili yake, na pombe ndiyo iiondoayo akili hiyo.

Wengine husema vijana watakunywa kwa siri. Kweli, sheria pekee haitoshi. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) hakumlaani mnywaji peke yake, bali pia mkamuaji, mbebaji, muuzaji na mla thamani yake. Basi wewe mwenye duka, na wewe uliyepangisha nyumba ikawa kilabu, jitazameni kabla ya kuilaumu serikali.

Na wewe mzazi, usimwambie mwanao angoje afike miaka 21. Mwambie kuwa jambo hili kwetu halina siku ya kuruhusiwa. Kisha akurudiapo usiku, uwe macho, umpokee, umuulize alikotoka.

Ewe Mola, zihifadhi akili za watoto wetu na za majirani zetu. Amin.