Polisi na Raia: Maneno Yaliyosemwa Barazani Pito



Nimepewa nafasi niseme juu ya polisi na raia. Sitasema mengi, maana mashamba yatungoja.

Kwanza tujue asili. Jeshi la Polisi liliundwa mwaka 1919, katika utawala wa Waingereza, ili kulinda amri za Serikali ile. Wazee wetu walijifunza kumwogopa askari. Utawala huo ulikoma mwaka 1961, lakini hofu ilibaki, nasi tumeirithi.

Hofu hiyo ina hasara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoka kuibiwa ng'ombe, waliunda sungusungu. Wizi ulipungua, lakini wako watu waliopigwa na hata kuuawa pasipo kuhukumiwa. Mtu asiyekiamini kituo cha polisi hushika rungu, na rungu haliulizi maswali.

Mwaka 2023 Tume ya Rais iliyochunguza vyombo vya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilishauri Jeshi la Polisi liundwe upya liwe Huduma ya Polisi. Shauri hili ni jema. Jeshi humtafuta adui. Mhudumu humsikiliza mwenye shida. Lakini jina peke yake halitoshi, ikiwa mama wa Pito aliyeibiwa maksai wakati wa kulima atakaa kituoni tangu asubuhi hata jioni bila kuulizwa neno. Mvua haimngoji, mwaka ule watoto wake watalala njaa.

Basi, ninyi askari, nawaombeni mambo matatu. Andikeni taarifa ya kila mtu, mkampe namba yake. Mrudishieni jibu, hata kama mwizi hajapatikana. Tena fichani jina la aliyewaletea habari.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Dhamana ya polisi hailipiwi. Tusitoe fedha kwa siri, kisha tukanung'unika hadharani. Tukimkamata mtuhumiwa, tusimpige, bali tumpeleke kituoni upesi. Wala tusimsingizie jirani wizi kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Askari asiyeambiwa habari ni kama kipofu, na raia asiyesikilizwa ni kama bubu. Tukisaidiana, ng'ombe watalala zizini, nasi tutalala nyumbani kwa amani.