Vyombo vya Ibada Nyuma ya Kioo: Mhadhara wa Umma Juu ya Hazina za Mayahudi wa Praha



Aghalabu mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho huenda kutazama vitu vilivyofanywa ili vitazamwe: picha iliyochorwa itundikwe ukutani, au sanamu iliyochongwa isimamishwe uani mwa tajiri. Lakini katika makumbusho ya Mayahudi sehemu kubwa ya vilivyomo haikufanywa kwa ajili ya macho, bali ilifanywa ishikwe, ifunguliwe, ivalishwe, inuswe, ibebwe mbele ya jamaa na kurudishwa mahali pake. Na kitu cha namna hiyo kikiwekwa nyuma ya kioo huwa kimetengwa na kazi yake. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili, maana siwa ya Pate, ile pembe ya ndovu iliyokuwa ikipulizwa katika sherehe za watawala, leo imo katika makumbusho ya Lamu, na mgeni huisifu nakshi yake asiwahi kuisikia sauti yake. Dai langu mbele ya hadhira hii tukufu ni kwamba chombo cha ibada hakionyeshwi ipasavyo mpaka mtazamaji amejua kilitumikaje na kilikuwa cha nani. Uzuri wake, ijapokuwa ni mkubwa, hufuata nyuma ya mambo hayo mawili.

Nitachukua mfano wangu katika mji wa Praha, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo dai hili limejaribiwa kwa msiba kama ule.

Makumbusho ya Mayahudi ya Praha yaliasisiwa mwaka 1906, na mwenye juhudi kubwa katika jambo hilo alikuwa mwanahistoria Salomon Hugo Lieben. Sababu yake ilikuwa dhahiri: mtaa wa kale wa Mayahudi ulikuwa ukibomolewa ili zipitishwe njia pana na kujengwa majumba mapya, na masinagogi kadhaa yaliondoka pamoja na mtaa ule. Vyombo vyao vikabaki bila nyumba. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza makumbusho haya hayakuwa ghala la vitu vya ajabu vilivyonunuliwa sokoni, bali yalikuwa hifadhi ya vitu ambavyo wenyewe walikuwa wangali hai, wakivifahamu na kuvionea uchungu.

Na vitu gani hivyo? Katikati ya sinagogi pana hati ya Taurati, iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi na mwandishi aliyesomea kazi hiyo, nayo haisomwi ibadani ikiwa herufi zake zimefutika au kuharibika. Hati hii hukunjwa juu ya vijiti viwili, ikafungwa kwa mshipi wa nguo, ikavishwa joho la hariri au mahameli, ikatiwa ngao ya fedha kifuani, na juu ya ncha za vijiti ikawekwa taji, au mapambo mawili yaitwayo makomamanga, yenye njuga ndogo zinazolia hati inapochukuliwa kati ya watu. Msomaji hafuatishi mistari kwa kidole chake, bali kwa kijiti cha fedha chenye umbo la mkono mdogo ulionyosha kidole cha shahada. Basi mtu akiyaona makomamanga ya fedha yamesimama peke yake juu ya kitambaa cheusi, chini ya taa kali, ataona kazi ya sonara hodari, wala hatajua kuwa kazi ile yote ilikuwa utumishi kwa maandishi ambayo mwenye maonyesho hakuyaweka karibu.

Mbele ya kabati la hati hutundikwa pazia, na mkusanyo wa nguo za namna hii uliopo Praha ni miongoni mwa mikusanyo mikubwa duniani. Aghalabu mapazia na majoho hayo yalishonwa kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa, kwa kuwa nguo ya thamani ilikuwa mali ya kurithisha, na gauni la sherehe la mwanamke lilistahiki kuwa sadaka. Juu yake hutariziwa majina ya waliotoa, mara nyingi mume na mke pamoja, na mwaka wa sadaka kwa herufi zenye thamani ya hesabu. Na yeyote aliyesoma hesabu ya abjadi kwa mwalimu wake hapa pwani ataelewa mara moja jinsi jina na tarehe zinavyoweza kukaa katika neno moja.

Mshipi wa Taurati wanipendeza kuliko vyote, ingawa kwa thamani ya soko ni kitu hafifu. Katika desturi ya Mayahudi wa nchi za Kijerumani, iliyoenea hata Bohemia na Moravia, majimbo ya nchi ya Praha, kitambaa alichofungiwa mtoto mwanamume siku ya tohara yake, yaani siku ya nane, kilioshwa, kikakatwa vipande virefu, kikaungwa, kisha kikatariziwa au kupakwa rangi jina lake, jina la baba yake, siku ya kuzaliwa, na dua kwamba akue hata afikie Taurati, na ndoa, na matendo mema. Mtoto alipoletwa sinagogini mara ya kwanza, mshipi ule ulitolewa, na tangu hapo ukawa ukifunga hati. Watazamaji wengi huupita upesi wakaziendea taa za fedha. Mimi nadhani asiyesimama mbele yake hajaingia katika maonyesho bado, maana hapo mwili wa mtoto mchanga, mkono wa mama na neno la Sheria vimekutana katika kipande kimoja cha kitani.

Kuna na vyombo vya nyumbani. Sabato inapotoka, jioni ya Jumamosi, jamaa huaga siku ile kwa divai, kwa mshumaa uliosukwa wenye tambi zaidi ya moja, na kwa kijumba cha manukato, ambacho mafundi wa Ulaya walipenda kukifanya kwa fedha mfano wa mnara wenye madirisha na bendera. Ndani hutiwa karafuu, mdalasini na viungo vinginevyo, kikapitishwa mkono kwa mkono ili kila mtu anuse na roho yake iliwazwe kwa kuondoka kwa siku tukufu. Minara hiyo imo katika makumbusho mengi, nami naona ingefaa sana kuweka kando yake bakuli la karafuu, mtazamaji akaribishwe kunusa, kuliko kumwandikia sahifa nzima juu ya mitindo ya usonara wa karne ya 18.

Sasa nifike penye uzito. Ujerumani ilipokwisha kuikalia nchi, na uhamisho wa Mayahudi kuanza, vyombo vya jumuiya za Bohemia na Moravia vilikusanywa Praha mwaka 1942 katika taasisi iliyoitwa Makumbusho Kuu ya Mayahudi. Pendekezo lilitoka kwa Mayahudi wenyewe, waliotaka kuvinusuru vyombo vile visitawanyike na kupotea. Watawala wa Kinazi walilikubali kwa makusudi yao. Imeenea kauli kwamba Wanazi walikusudia kufanya makumbusho ya taifa lililokwisha kutoweka, lakini watafiti wa miaka ya karibuni wameitilia shaka kwa kukosa hati ya kuithibitisha, nami siijengi hoja yangu juu yake. Yaliyothibiti yanatosha. Wataalamu Wayahudi walikaa katika masinagogi yaliyogeuzwa maghala, wakafungua masanduku yaliyotoka katika miji ambayo watu wake walikwisha kuchukuliwa, wakaandika kadi ya kila kitu: kimetoka wapi, ni cha namna gani, kina maandishi gani. Walitayarisha hata maonyesho, ya hati na vitabu vya Kiebrania, kisha ya sikukuu na desturi za maisha, ambayo umma haukuruhusiwa kuyaona. Karibu wote walihamishwa wakauawa. Miongoni mwa wataalamu wale Hana Volavková alinusurika, naye ndiye aliyeyaongoza makumbusho baada ya vita.

Mkusanyo uliokuwa na vitu kama elfu moja kabla ya vita ulikuwa umezidi mara nyingi sana. Wingi huo haukuwa neema, na maonyesho yoyote yanayojivunia wingi bila kutaja jinsi ulivyopatikana yamemdhulumu mwenye mali. Ndiyo maana nawaheshimu wale waliokata shauri kulifanya Sinagogi la Pinkas, mjini Praha, kuwa mahali pa majina. Kati ya mwaka 1954 na 1959 wachoraji Václav Boštík na Jiří John waliandika kwa mkono juu ya kuta zake majina ya karibu watu 80,000 wa Bohemia na Moravia waliouawa, wakiyapanga kwa miji yao. Maji ya ardhini yakaharibu kuta, jengo likafungwa miaka mingi, kisha majina yakaandikwa upya tangu 1992 hata 1996. Ghorofani zimewekwa picha walizochora watoto katika ghetto ya Terezín, walipofundishwa na Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyesomea shule ya sanaa ya Bauhaus, ambaye aliuawa Auschwitz mwaka 1944; zilizookoka, katika masanduku mawili ya safari, ni kama 4,500, na nyingi zina jina la mtoto kwa mwandiko wake mwenyewe. Mtu aliyepita hapo kwanza, ndipo akaenda kutazama mapazia, huyasoma majina ya watoaji kwa macho mengine.

Jumuiya ya Danzig, mwaka 1939, ilipata nafasi ambayo Praha haikuipata: ilipeleka vyombo vyake New York katika masanduku kumi, kwa sharti kwamba ikiwa baada ya miaka 15 hakutakuwa tena na Mayahudi walio huru na salama Danzig, vibaki Marekani kwa mafunzo ya watu wengine. Vikabaki, katika Makumbusho ya Mayahudi ya mji ule. Huko mtazamaji hutazama kwa idhini ya wenyewe, na sharti lile lapasa kuandikwa mahali ambapo kila aingiaye ataliona.

Swali linalosalia ni kama chombo chaweza kutoka nyuma ya kioo. Hati 1,564 za Taurati za Bohemia na Moravia, zilizokuwa zimewekwa miaka mingi katika sinagogi lililoachwa pembezoni mwa Praha, zilinunuliwa zikafika katika Sinagogi la Westminster, London, mwezi wa Februari 1964. Mwandishi David Brand alitumia zaidi ya miaka ishirini kuzikarabati herufi kwa herufi. Zilizofaa ziliazimwa kwa jumuiya za nchi nyingi, zikarudi kusomwa. Zisizoweza kusomwa tena huazimwa pia, au huwekwa katika makumbusho madogo hapo hapo London, na kila hati ina namba yake. Jumuiya inayoiazima huelezwa, pale inapojulikana, hati ilitoka mji gani, ili iwakumbuke watu wa mji ule. Makumbusho ya Praha yenyewe yalirudishwa katika mikono ya Mayahudi wa nchi ile mwaka 1994, baada ya kushikwa na dola tangu 1950, na wahifadhi wake wa leo wanaendelea na kazi iliyoanzwa juu ya zile kadi, ya kukirudishia kila kitu mji na jina la mwenyewe.