Prosesa ya Kompyuta Haitaki Nguvu
(Mazungumzo na wanakisomo)

Leo tuzungumze juu ya kompyuta. Wengine mtasema, "Sisi ni wakulima, kompyuta yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Siku hizi kompyuta ipo shuleni, ipo katika ofisi ya kata, ipo katika vyama vya ushirika na vya kuweka na kukopa. Uzito wa pamba yetu na hesabu za akiba zetu zimo humo. Ikiharibika, fedha za kuitengeneza zatoka mifukoni mwetu. Basi haifai tusimame pembeni tu, fundi akifanya apendavyo.

Tutazungumza juu ya kitu kimoja: namna ya kuitoa prosesa na kuirudisha bila kuiharibu.

Prosesa ni nini?

Prosesa ni kipande bapa, chembamba, chenye ukubwa unaokaribia kisanduku cha kiberiti. Ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Mwaka 1971, huko Marekani, kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa iliyoitwa 4004. Ndani yake mlikuwa na swichi ndogo za umeme zipatazo 2,300. Prosesa za leo zina swichi hizo mabilioni.

Swichi zote hizo zinapofanya kazi hutoa joto. Kwa hiyo juu ya prosesa huwekwa kipoza joto, yaani pande la chuma lenye mapezi, na juu yake feni. Katikati hupakwa grisi maalumu. Kwa nini grisi? Chuma huonekana laini kwa macho, lakini kina vishimo vidogo sana. Vishimo hivyo hujaa hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Grisi huviziba, kama tunavyokandika nyufa za ukuta.

Kwanza tuulize: je, ni mgonjwa kweli?

Fundi akisema, "Prosesa imekufa, leteni fedha," msikimbilie kutoa. Prosesa hufa kwa nadra. Mara nyingi kinachosumbua ni vumbi, feni iliyokwama, au grisi iliyokauka. Kompyuta hupata joto, kisha hujizima yenyewe ili isiungue. Mwambieni fundi atoe vumbi kwanza, aitazame feni, apake grisi mpya.

Na jambo jingine. Prosesa haitunzi kumbukumbu zenu. Hesabu zimo katika diski, na diski ni kifaa kingine kabisa. Mtu akiwaambia kuwa hesabu za chama zimepotea kwa sababu ya prosesa, mwulizeni tena.

Ikiwa lazima kununua nyingine, hakikisheni inaingia katika soketi yenu. Soketi ni kiti cha prosesa. Kwa mfano, Intel walitoa soketi ya 1155 mwaka 2011, na ya 1150 mwaka 2013. Majina yanafanana, lakini prosesa ya moja haikai katika nyingine. Andikeni namba ya kompyuta na ya prosesa ya zamani katika karatasi, mwende nayo dukani. Hapo ndipo kisomo kinapolipa.

Adui wawili

Adui wa kwanza ni umeme wa mwilini. Wakati wa kiangazi, ukivua nguo ya nailoni gizani, husikia mlio na kuona cheche? Ule ni umeme. Sisi hautuumizi, lakini prosesa waweza kuiua kimya kimya. Dawa yake: kabla ya kugusa kitu ndani, gusa chuma kitupu cha sanduku la kompyuta, pasipo na rangi. Rudia mara kwa mara. Usifanye kazi hii juu ya zulia.

Adui wa pili ni nguvu ya mikono. Katika kompyuta za mezani za Intel, tangu mwaka 2004, pini zimo ndani ya soketi. Zile za AMD, kwa miaka mingi, zilikuwa na pini chini ya prosesa yenyewe, mpaka soketi yao mpya ya mwaka 2022. Popote zilipo, pini hizo ni nyembamba mno. Moja ikipinda, kompyuta yaweza isiwake tena.

Namna ya kuitoa

1. Iwasheni kompyuta kwa dakika chache, kama inawaka, ili grisi ilainike. Kisha izimeni.

2. Chomoeni waya ukutani. Bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi, umeme uliobaki uishe. Kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani msikifungue kamwe. Hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

3. Vueni pete na bangili. Lazeni kompyuta mezani penye mwanga. Wekeni sahani ya kutunzia skrubu.

4. Chomoeni waya wa feni, na kumbukeni ulipokuwa.

5. Legezeni kipoza joto kidogo kidogo, pembe hii kisha pembe inayoielekea. Msikivute juu kwa ghafla. Kizungusheni polepole, kushoto na kulia, mpaka grisi iachie. Kikivutwa kwa nguvu, prosesa yenye pini chini yaweza kung'oka nacho.

6. Pembeni mwa soketi kuna kijimkono cha chuma. Kibonyezeni chini, kisogezeni nje, kisha kiinueni. Kama kuna kifuniko, kifungueni.

7. Shikeni prosesa kwa kingo zake mbili. Iinueni wima, bila kuiburuta. Msiguse upande wa chini.

Namna ya kuirudisha

Futeni grisi ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, chenye alkoholi safi ya kusafishia vifaa vya umeme. Maji hayafai.

Tazameni pembe za prosesa. Moja ina alama ya pembetatu. Soketi nayo ina alama yake. Zikutanisheni. Kisha itueni prosesa taratibu. Itakaa kwa uzito wake yenyewe. Ikikataa, msiisukume! Inueni, mtazame tena. Kukataa kwake ni kuwaambia kuwa mmekosea upande.

Ikikaa vizuri, rudisheni kifuniko na kijimkono. Katika soketi za Intel, kijimkono hiki hutaka kubanwa kidogo. Hapo msiogope, maadamu prosesa imekaa sawa.

Pakeni grisi katikati, kiasi cha punje ndogo ya mbaazi. Nyingi si dawa. Wekeni kipoza joto, mkaze skrubu kwa msalaba, kama fundi wa gari anavyokaza nati za gurudumu. Kisha chomekeni waya wa feni. Msiwashe kamwe kompyuta isiyo na kipoza joto. Joto hupanda upesi sana.

Sasa washeni. Feni ikizunguka na kioo kikionyesha maandishi, kazi imekwisha. Kama kimya, zimeni, chomoeni waya, mkague tangu mwanzo.

Tahadhari moja: kompyuta za kubeba ni habari nyingine. Nyingi za siku hizi prosesa yake imelehemiwa, haitoki. Hizo msizijaribu.

Ndugu wanakisomo, hatusemi kila mtu awe fundi. Tunasema kamati ya chama ikae karibu wakati wa kazi, ijue linalofanyika, na iweze kusema, "Fundi, subiri, umegusa chuma?" Mali ni yetu, na kuuliza si utovu wa adabu.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini hatusukumi prosesa inayokataa kukaa?
2. Kompyuta ikijizima yenyewe, tukague nini kabla ya kununua prosesa?
3. Katika chama chetu, nani anatunza karatasi yenye namba za kompyuta?