Si kila ini lenye mafuta ni la mlevi

Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa ini, na hasa juu ya watu wanaohukumiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda. Mtu akitoka hospitali na habari kwamba ini lake limeharibika, wengi wetu huwa na jibu moja tu: huyo ni mnywaji. Kama hajapata kuonekana baa, tutasema anakunywa chumbani kwake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huo unaweza kufaa barazani, lakini haufai kuwa cheti cha daktari.

Ni kweli kwamba pombe huharibu ini. Kwa mtu anayekunywa sana kwa muda mrefu, mafuta hujaa katika chembe za ini, kisha ini hupata uvimbe na makovu, na mwisho linaweza kusinyaa na kuwa gumu. Lakini hatua hizo hizo zinaweza kumpata mtu ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Kwa huyu, chanzo kikubwa ni unene, hasa wa tumboni, pamoja na kisukari cha ukubwani na mafuta mengi katika damu.

Mwaka 1980 Dakta Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester nchini Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa 20 wa namna hiyo. Vipande vya maini yao vilipotazamwa kwa darubini vilifanana na vya walevi, na hali wenyewe hawakuwa walevi. Wengi walikuwa wanene, na baadhi yao walikuwa na kisukari. Kabla ya hapo, daktari aliyeona dalili hizo kwenye darubini aliweza kuamini kwamba mgonjwa anaficha ulevi wake, na mgonjwa akikana alionekana mwongo tu.

Sasa, ikiwa darubini yenyewe haiwezi kuwatenganisha watu hawa wawili, je, damu inaweza? Jibu ni kwamba inaweza kusaidia sana, mradi isomwe kwa akili.

Chembe za ini zikiumia, humwaga katika damu vimeng'enya viwili ambavyo karatasi ya maabara huviandika AST na ALT. Tangu mwaka 1957, kutokana na kazi ya Mwitaliano Fernando De Ritis, madaktari wamezoea kulinganisha viwili hivyo. Kwa mnywaji ambaye ini lake limeumia, mara nyingi AST huwa mara mbili ya ALT au zaidi. Sababu moja ni kwamba wanywaji wengi hupungukiwa vitamini B6, na bila hiyo ALT hushuka. Kwa mtu mwenye mafuta yasiyotokana na pombe, kwa kawaida ALT ndiyo inayozidi. Lakini angalieni: makovu yakishakuwa mengi, AST yake nayo hupanda na kuipita ALT. Kwa hiyo asiyekunywa, akichelewa kupimwa, anaweza kuonekana kama mnywaji.

Kipimo kingine ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu. Pombe nyingi huzifanya ziwe kubwa kuliko kawaida. Hata hivyo, upungufu wa foliki au wa vitamini B12 nao huzikuza. Kile kinachoandikwa GGT hupanda kwa mnywaji, lakini hupanda pia kwa mnene asiyekunywa, na hata kwa anayetumia baadhi ya dawa za kifafa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 wataalamu wa Mayo Clinic walitengeneza hesabu inayojumlisha AST, ALT, ukubwa wa chembe nyekundu, uzito na urefu wa mgonjwa, na jinsia yake. Shahidi mmoja hatoshi. Mashahidi wengi wakikubaliana, hukumu huwa na uzito.

Siku hizi kipo pia kipimo kiitwacho PEth. Hiki hutafuta kitu ambacho hutengenezwa katika damu pale tu pombe inapoingia mwilini, na kinaweza kuonekana kwa wiki mbili hadi nne baada ya kunywa. Si kila maabara inacho.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kuna haja gani ya kusumbuka hivyo? Haja ipo, kwa sababu tiba ni mbili. Anayekunywa lazima aache kabisa. Asiyekunywa, ukimwambia aache pombe umempa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, na kisukari chake kinaendelea kumla. Huyu anatakiwa kupunguza uzito, soda na vyakula vya mafuta, na kuushughulisha mwili. Mwenye kilo 100 akipunguza kilo saba hadi kumi, ini lake linaweza kupata nafuu kubwa. Wako pia wenye yote mawili, unene na pombe. Mwaka 2023 wataalamu waliwapa kundi lao wenyewe. Na wote wapimwe homa ya ini B na C, kwani hizo nazo hupandisha vimeng'enya hivyo.

Kwa madaktari wetu, ombi langu ni moja. Mwulizeni mgonjwa habari za pombe kwa heshima, faraghani, si mbele ya mkwe wake. Anayekunywa atasema kweli upesi zaidi asipotukanwa, na asiyekunywa hataondoka na aibu isiyo yake. Nasi majirani, mama wa watu akisema hanywi, tumwache apimwe sukari na uzito kabla hatujampima kwa maneno.