Firmus Alikuwa Nani?

Mtu akiokota barua njiani, kwanza hutazama jina lililoandikwa juu yake, apate kujua ni ya nani. Lakini ikiwa jina lile ni la watu wengi, tena mwandishi na mwandikiwa wamekufa zamani sana, atafanyaje? Jioni hii nataka kuwasimulia habari za barua moja ya namna hiyo, na jinsi wenye elimu walivyobisha mlango usiokuwa wake.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliandika barua nyingi. Mwaka 1939 mtawa msomi, Cyrille Lambot, alipiga chapa barua yake moja iliyokuwa haijulikani, aliyomwandikia mtu aitwaye Firmus. Ndani yake Augustino anampelekea kazi yake kubwa, Mji wa Mungu, yenye vitabu 22. Kwa kuwa vitabu hivyo ni vingi mno kufungwa katika jalada moja, anamwagiza hivi: akitaka majalada mawili, la kwanza liwe na vitabu 10 na la pili 12, akitaka matano, mawili ya kwanza yawe na vitabu vitano vitano, na matatu yaliyobaki vinne vinne. Tena awaazime ndugu wa Karthago wasio navyo, wapate kuvinakili; lakini asimpe ila mtu mmoja, au wawili kwa wingi, nao watawapa wenzao.

Basi Firmus huyu ni nani? Katika barua za Augustino na za Yeronimo ametajwa kasisi msafiri, jina lake Firmus, aliyekuwa akichukua barua kuvuka bahari. Jina ni lile lile, na wakati ni ule ule. Watu wakasema, Ndiye. Wakamdhani kuwa kasisi, wakili wa Augustino katika mambo ya vitabu.

Ikawa hivyo kwa miaka kama 40. Kisha Johannes Divjak, msomi wa Austria, alipokuwa akiorodhesha miswada ya Augustino iliyomo Ufaransa, aliona katika miswada miwili, mmoja wa Paris na mmoja wa Marseille, barua zisizopata kupigwa chapa. Mwaka 1981 zikatolewa barua 29. Ya pili katika hizo ni ndefu, nayo yaenda kwa Firmus.

Ndipo watu walipostaajabu. Kumbe Firmus si kasisi. Hata ubatizo hajaupokea! Ni mkatekumeni, mtu wa elimu, mwenye mke na mtoto. Mkewe amekwisha kubatizwa. Mume ayajua mafundisho kuliko mke, lakini mke azijua siri za sakramenti, ambazo wakati ule asiyebatizwa hakuonyeshwa. Mtoto yuko shuleni. Insha zake zimepelekwa kwa Augustino, naye auliza umri wake, na vitabu asomavyo vya Kiyunani na vya Kilatini. Firmus mwenyewe amesikiliza kitabu cha 18 kikisomwa alasiri tatu mfululizo, na bado atoa udhuru. Augustino amwambia kwamba faida ya vitabu vile si kumfurahisha msomaji wala kumjulisha mengi, bali ni kumtia katika mji ule.

Sasa irudieni barua ya kwanza. Tulipomdhani kasisi, ilikuwa barua ya kazi tu, habari za majalada na kunakili. Kumbe ni mzee aliyepita miaka 70, akimpelekea vitabu 22 mtu aliyesimama kizingitini.

Na dalili ilikuwapo tangu mwanzo. Katika anwani Augustino anamwita bwana na mwana, wala hamwiti kasisi. Naye alipowaandikia makasisi alizoea kuwataja kwa cheo chao. Kwa hiyo atafutaye mwandikiwa asitosheke na jina. Na aulize: ameitwaje? Yuko mji gani? Mwandishi amchukulia kuwa anajua nini, na hana nini?

Katika daftari la darasa langu mna wanafunzi wawili wenye jina moja. Nikimpa mmoja alama za mwenzake, nimewadhulumu wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa hapa: kasisi alipewa kazi isiyo yake, na Firmus wa Karthago akanyang'anywa mke, mtoto, na mashaka yake.