Dredi Hukunjwa kwa Subira, Si kwa Maji ya Moto

(Mazungumzo ya mwanachama msusi siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)

   

Kamati imenipangia nizungumze juu ya kazi yangu ya ususi, na hasa lile jambo ambalo wengi mmekuwa mkiniuliza, yaani namna ya kukunja dredi ziwe za mawimbi mtu akiwa nyumbani kwake. Nitaeleza. Lakini kwanza sina budi kusema kwa nini nimechaguliwa mimi, maana humu ndani wapo wasusi wenye mikono mizuri kunishinda. Nimechaguliwa kwa sababu nina deni.

Wanachama wa zamani mnalijua. Ilikuwa mwaka wa sita wa kikundi chetu. Nilikuwa nimekopa kwenye boksi nikanunua kiti, kioo kikubwa na draya. Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji ingawa ruhusa amenipa, alikuwa anamwoza binti yake. Binti alikuwa na dredi zilizomfika mabegani. Baba yake akasema yeye hamsindikizi kanisani mtoto mwenye kichwa cha kihuni, zikatwe. Binti naye akasema kama ni kukatwa, basi harusi isiwepo. Mama wa watu akabaki katikati. Akaja kwangu akaniambia, "Dada, zitengeneze vizuri, baba yake akiziona aone ni nywele." Nikamwahidi.

Sasa mnajua kwetu harusi nyingi huwa lini. Ni wakati kahawa imeuzwa na fedha ipo mfukoni, na wakati huo ndio wa baridi yetu ya Mbinga. Nilimwosha binti saa kumi jioni, kesho yake ndiyo harusi. Nikazungushia rola. Umeme ukakatika. Ilipofika saa nne usiku nikagusa dredi, bado mbichi kabisa. Nikaingiwa na hofu. Nikakumbuka tunavyofanya kwenye rasta za dukani, kwamba ukishasuka unachovya ncha katika maji ya moto na zinashika mkunjo. Nikachemsha maji. Jamani, dredi hunywa maji kama sponji. Zilipotoka kwenye sufuria zilitiririsha maji yale ya moto mpaka shingoni kwa yule mtoto. Ile sauti yake naisikia hadi leo. Na ujinga wangu ukaongeza ujinga: nikampaka dawa ya meno. Alitoka malengelenge. Aliolewa akiwa amejifunga mtandio shingoni, na mawimbi yenyewe yalikuwa yamenyooka kabla hatujafika kanisani.

Kwenye mkutano uliofuata wako waliosema nifukuzwe. Aliyesimama kunitetea ni mama wa bibi harusi. Alisema maneno machache tu: "Akifukuzwa, atalipa kwa nini?" Boksi likafunguliwa, funguo zote tatu, mfuko wa jamii ukalipia matibabu, na mimi nikaandikiwa deni. Nikapewa na sharti la pili: nikishajua kosa langu lilikuwa wapi, nisimame mbele ya watu niseme. Deni la fedha nililimaliza kwa miezi tisa. Hili la pili ndilo ninalolipa leo.

Kosa langu lilikuwa nini? Sikujua tofauti ya vitu vitatu ambavyo kwa macho vinafanana.

Kwanza, rasta za dukani ni plastiki iliyotengenezwa kuwa nyuzi. Plastiki hulainika kwa joto, na ikipoa hushika umbo. Ndiyo maana maji ya moto huzikunja.

Pili, kuna ile kalikiti waliyopaka mama zetu na dada zetu miaka ya 1980. Ile ilikuwa dawa yenye nguvu, iliyovunja vifungo vikubwa vya ndani ya unywele na kuvifunga upya katika umbo la rola. Mkunjo wake haukuondoka kwa maji, ulisubiri nywele mpya ziote.

Tatu ndizo dredi zetu. Hizi ni nywele za mtu mwenyewe, na unywele ni protini kama ilivyo kucha. Ndani yake, mbali na vile vifungo vikubwa, kuna vifungo vidogo vidogo vinavyofunguka unywele ukilowa na kujifunga tena unapokauka. Umbo lolote litakaloukuta unywele wakati wa kukauka, hilo ndilo unalolishika. Kwa hiyo basi, kinachokunja dredi ni kule kukauka. Ungemwagia maji ya moto au ya baridi ni mamoja, kama hazijakauka hakuna mkunjo, na ukichemsha unaongeza tu hatari ya kumbabua mtu. Na kwa sababu hiyo hiyo, mawimbi ya dredi hayadumu milele. Mvua ikikunyeshea au ukioga ziwani, zinarudi zilivyokuwa. Hakuna kilichoharibika, ndivyo zilivyo.

Sasa njia yenyewe. Hakuna cha kununua.

Tafuta khanga kuukuu ya pamba. Ichane vipande vyenye upana wa vidole viwili na urefu wa shibiri mbili. Pamba hunyonya maji na haikwaruzi nywele kama waya au mpira.

Osha kichwa na dredi, suuza mpaka maji yatoke meupe, kwani sabuni ikibaki ndani hukamata uchafu. Kamua kwa taulo, ukibonyeza, usinyonge. Dredi iwe mbichi lakini isidondoshe maji. Dredi changa ambazo bado hazijashikana ziacheni kwanza, zitafumuka.

Shika dredi moja, weka ncha yake katikati ya kitambaa, uviringishe kuelekea kichwani. Ukibakiza upana wa vidole viwili kabla ya ngozi, simama, funga fundo. Usivute hadi kichwani. Ukitaka mkunjo mdogo wa kubana, viringisha dredi moja moja. Ukitaka mawimbi mapana, chukua dredi tatu uzisuke pamoja kwa kulegeza, ufunge mwisho kwa kitambaa hicho hicho.

Usipake nta ya nyuki. Najua kwetu asali ipo na nta ipo, lakini nta ikishaingia ndani ya dredi haitoki kwa maji wala kwa sabuni, na kila vumbi la barabarani hukaa humo. Matone machache ya mafuta ya nazi baada ya kukauka yanatosha.

Halafu kausha. Hapa ndipo kwenye kazi. Wenzetu wa ziwani mmebarikiwa, kwenye joto la Oktoba dredi nyembamba zilizofungwa asubuhi jioni zimekauka. Sisi wa huku juu, mwezi wa sita na wa saba, dredi nene zinaweza kumaliza mchana na usiku na bado ndani ni mbichi. Kwa hiyo bibi harusi wa Jumamosi aoshwe Alhamisi asubuhi, siyo Ijumaa jioni. Kaa juani, kaa kwenye upepo. Draya iwe ya uvuguvugu. Usiinamie jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Na usizoee kulala na dredi mbichi au kuzifunga kilemba zikiwa mbichi. Zinavunda, zinatoa harufu, na ukungu ukishaingia ndani ni shida kuutoa.

Ukidhani zimekauka, fungua moja tu, ya kisogoni, ambako ndiko hukawia. Iminye. Ukisikia ubaridi ndani, irudishie, endelea kusubiri. Zikiwa kavu zote, fungua moja moja kwa kuzungusha, usivute. Usiku zikusanye juu ya kichwa na ufunge skafu laini. Zitakaa wiki moja, pengine mbili.

Aidha, kuna mambo mawili ya afya. La kwanza, ukifunga na kichwa kikauma au vipele vidogo vikatokea, umekaza mno, legeza saa hiyo hiyo. Nywele za pembeni zikivutwa miaka na miaka hunyonyoka, na mwisho hazioti tena. La pili, mtu akiungua na maji ya moto, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga, na malengelenge usiyapasue. Hayo niliambiwa na muuguzi, kwa ukali, na nilistahili.

Baba zetu, neno moja kwenu. Yule mzazi alisema dredi ni kichwa cha kihuni. Hakuwa peke yake, wengi wetu tumelelewa hivyo. Kuna wanaofuga kwa imani ya Rasta, imani iliyoanzia Jamaika miaka ya 1930 na kuchukua jina la Ras Tafari, aliyetawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia mwaka 1930. Kuna wanaofuga kwa urembo tu. Na kuna waliofuga kwa sababu nzito. Huko Kenya alikuwepo mama aliyejulikana kama Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau. Alitoka msituni baada ya uhuru wa 1963 na nywele zake zikiwa zimejisokota, hakuzikata mpaka Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais wa kwanza. Alifariki 2023. Je, yule naye tumwite mhuni? Sisemi kila mtoto afuge. Nasema tumwulize kwanza, ndipo tuhukumu.

Nimalizie. Yule binti hakunikimbia. Shingoni kovu lipo, dogo, nalo naliona kila anapokaa kwenye kiti changu. Juzi juzi alikuwa na ubatizo wa mtoto wa wifi yake huko Mbamba Bay. Nilimwosha siku mbili kabla, nikamfunga vitambaa vya khanga. Siku ya safari akaja na baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa anamsindikiza kwa gari hizo kilomita 66. Mzee akakaa kwenye benchi, kimya, anatazama ninavyofungua. Nilipotaka kufungua ya pili akaninyooshea mkono akasema, "Ngoja kwanza. Ya kisogoni umeiminya? Imekauka?"

Nikaiminya mbele yake. Ilikuwa kavu.

Ndugu wanachama, mlinikopesha mara mbili, fedha na nafasi ya pili. Vitambaa vya khanga nimekuja navyo kapu zima, viko pale mezani kwa Mama Mweka Hazina, kila mmoja achukue fungu lake bure kabisa. 

Kikundi hoyee!